Tusingoje Mpaka Jino Liume

Katika nyumba nyingi za kwetu mama ana kalenda kichwani, hata kama ukutani haipo. Anajua tarehe ya chanjo ya mtoto mchanga, siku ya kulipa ada ya shule, mwezi wa kupalilia na mwezi wa kuvuna. Anajua hata sabuni itaisha lini. Lakini katika kalenda hiyo yote, meno hayamo. Meno hukumbukwa usiku wa manane, shavu limevimba, mtoto analia, au mama mwenyewe anazunguka chumbani na karafuu mdomoni akiomba kupambazuke.

Kukicha, safari ya hospitali inakuwa ya lazima. Na kwa kuwa jino limekwisha kuharibika sana, mara nyingi linang'olewa. Ndivyo wengi wetu tulivyokuja kuamini kwamba chumba cha daktari wa meno ni mahali pa koleo, sindano na damu tu. Watoto nao wanairithi hofu hiyo mapema, kwa maana wanaisikia nyumbani: "Ukikataa kula, nitakupeleka ukang'olewe jino!"

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya safari ya namna nyingine kabisa, nayo ni kwenda kwa daktari wa meno wakati hakuna jino linalouma. Tutaeleza hatua kwa hatua mambo yanayofanyika huko, kwa sababu mtu akijua kinachomngoja, nusu ya hofu imekwisha.

KWA NINI TWENDE TUKIWA WAZIMA?

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 ulimwenguni wana magonjwa ya kinywa. Hiyo ni karibu nusu ya watu wote duniani. La kusikitisha ni kwamba mengi ya magonjwa hayo yanaweza kuzuilika.

Ili tuelewe sababu, tutazame jinsi jino linavyooza. Kinywani mwa kila mtu wamo vijidudu. Tunapokula vitu vyenye sukari, vijidudu hivyo navyo vinakula, kisha vinatoa asidi ambayo inamomonyoa gamba gumu la nje la jino. Gamba hilo halina mishipa ya fahamu. Kwa hiyo tundu linaweza kuanza na kukua kwa miezi mingi bila kuuma hata kidogo. Likifika tabaka la ndani, ndipo tunaanza kusikia jino likishtuka kwa maji baridi au chai yenye sukari. Likifika kwenye kiini, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu, hapo ndipo usingizi unapotoroka.

Basi maumivu hayaji mwanzo wa ugonjwa. Yanakuja mwishoni. Anayengoja jino liume ndipo aende, anakwenda akiwa amechelewa. Tundu dogo likionwa mapema huzibwa mara moja na jino likaendelea kutafuna kwa miaka. Likiachwa, kazi inakuwa ya kutibu mzizi, ambayo ni ghali na ina safari kadhaa, au ya kung'oa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mithali hiyo ungedhani ilitungwa kwa ajili ya meno.

Na tusidhani kwamba mwisho wa jino bovu ni pengo tu. Usaha wa jino unaweza kutambaa hadi chini ya taya na shingoni, ukavimbisha koo hata mtu akashindwa kumeza au kuvuta pumzi. Watu wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Ukiona uvimbe wa jino unashuka shingoni, mgonjwa ana homa, hawezi kufungua kinywa au anameza kwa shida, usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Fizi nazo huugua kimyakimya. Fizi nzima haitoki damu kwa kupigwa mswaki. Ukiona mate yana damu kila unapopiga mswaki, hiyo ni taarifa. Ugonjwa wa fizi ukiachwa hula mfupa unaoshika jino, na mtu anaweza kupoteza jino ambalo halikuoza hata kidogo.

KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

Maandalizi ni machache. Kula chakula chako cha kawaida, kwa maana si vizuri kwenda na njaa. Piga mswaki. Chukua daftari lako la hospitali au kadi ya kliniki, na kadi ya bima kama unayo. Dawa zote unazotumia, ziweke kwenye mkoba pamoja na maboksi yake ili daktari azione. Kama unaishi mbali, ni vizuri kuuliza mapema ni siku gani mhudumu wa meno yupo. Si kila zahanati ina huduma hii. Katika vituo vingi vya afya na hospitali za wilaya utamkuta daktari wa meno au tabibu wa meno.

Jambo moja tunaliomba sana: msiende kwa wale wanaong'oa meno sokoni au vichochoroni kwa bei rahisi. Kifaa kilichotoka kinywani mwa mtu mmoja bila kuchemshwa ipasavyo kinaweza kumpelekea mwingine virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini.

MASWALI KWANZA, KITI BAADAYE

Ukiingia utaulizwa maswali, na mengine yatakushangaza. Una kisukari? Una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo? Ukijikata, damu hukatika upesi? Kuna dawa inayokudhuru, kama penisilini? Je, u mjamzito au unanyonyesha?

Usione haya, na usifiche. Daktari hapekui mambo ya nyumbani mwako. Mwenye kisukari huugua fizi kwa urahisi, na fizi zenye ugonjwa huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mwenye matatizo fulani ya moyo huenda akahitaji dawa kabla ya kung'olewa jino. Anayeishi na virusi vya UKIMWI anaweza kupata utando mweupe au vidonda kinywani, ambavyo vinatibika daktari akijua hali yake. Mficha maradhi kilio humwumbua.

Baada ya hapo utaketi kwenye kiti kirefu kinacholazwa kwa nyuma, na taa itaelekezwa kinywani. Daktari atanawa mikono, atavaa glovu mpya na kuziba mdomo wake kwa barakoa. Vifaa atavitoa kwenye pakiti au chombo vilimosafishwa kwa joto kali. Kama hukuona vikitolewa, una haki ya kuuliza kwa upole, "Daktari, vifaa hivi vimechemshwa?" Daktari mwema hatachukia swali hilo.

Kabla hajaanza, patana naye ishara. Mwambie, "Nikiinua mkono wa kushoto, naomba usimame kidogo." Jambo hili dogo humpa mtu mwenye hofu utulivu mkubwa, kwa maana anajua kwamba hakufungwa kwenye kiti.

DAKTARI ANATAZAMA NINI?

Akina mama wengi hushangaa kwamba daktari haanzi na meno. Anaanza na uso: je, pande zote mbili zinalingana, kuna uvimbe? Anapapasa chini ya taya na shingoni kutafuta matezi yaliyovimba. Kisha anatazama midomo, ndani ya mashavu, kaakaa, na ulimi. Atakuomba uutoe nje, auvute taratibu kwa kitambaa na kutazama pembeni na chini yake. Anatafuta kidonda kisichopona, baka jeupe au jekundu, au uvimbe mgumu. Saratani ya kinywa inaweza kuanza kwa kidonda kisicho na maumivu, na ikigunduliwa mapema nafasi ya kupona ni kubwa zaidi. Kidonda chochote cha kinywani kilichozidi wiki mbili kionyeshwe kwa daktari, hasa kwa mtu anayevuta au kutafuna tumbaku, au anayekunywa pombe. Wengi wetu tunawajua watu wa namna hiyo katika nyumba zetu. Waambieni.

Sasa anafika kwenye meno. Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32, na mtoto mwenye meno yote ya utotoni ana 20. Kwa kioo kidogo chenye mpini na kifaa chembamba, daktari atatazama jino moja baada ya jingine. Usishtuke ukimsikia akimtajia msaidizi wake namba. Kila jino lina namba yake ya tarakimu mbili: ya kwanza inaonyesha upande wa kinywa, ya pili inaonyesha nafasi ya jino kuanzia katikati. Namba 36, kwa mfano, ni gego kubwa la kwanza, chini, upande wa kushoto. Akitaja namba nyingi haina maana kwamba meno yote hayo yameoza. Huenda anahesabu tu yaliyopo na yaliyozibwa.

Fizi atazipima kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, akikiingiza taratibu kati ya ufizi na jino. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kikizidi hapo, ufizi umeanza kuachana na jino. Unaweza kusikia kama kuchomwachomwa kidogo, lakini si maumivu ya kukufanya uruke.

Pengine ataomba picha ya eksirei, kwa kuwa kati ya jino na jino, na ndani ya mfupa, macho hayafiki. Si kila mtu anahitaji picha kila anapokwenda. Picha ya jino hutumia mionzi michache sana, lakini kama una mimba au unahisi unayo, sema kabla ya kupigwa.

KUSAFISHWA MENO

Chakula na vijidudu vikikaa kwenye meno hufanya ukoga. Ukiwa laini, mswaki unautoa. Ukiachwa, unaganda na kuwa mgumu kama jiwe, na hapo hata ukipiga mswaki mpaka mkono uchoke hautoki. Huo ndio daktari anaouondoa, kwa vifaa vya mkono au kwa mashine inayotikisika upesi huku ikirusha maji. Mlio wake ni wa kuudhi, na maji hujaa kinywani, lakini kuna mrija wa kuyafyonza. Fizi zinaweza kutoka damu kidogo, na meno yakashtuka kwa vitu vya baridi kwa siku chache. Hali hiyo hupita.

Yako maneno yanayovuma kwamba kusafishwa meno hospitalini kunayalegeza. Ukweli ni huu: ukoga mgumu hula nafasi ya ufizi na mfupa, kisha wenyewe ukawa kama saruji inayoshikilia jino lililokwisha kulegea. Ukiondolewa, mtu anaona hali ilivyokuwa tangu zamani. Ni ugonjwa uliolegeza jino. Kusafisha ndiko kunakoizuia hali hiyo isiendelee.

MWISHO WA UCHUNGUZI

Daktari akimaliza atakueleza alichoona. Huenda akasema kila kitu ni kizima. Hiyo si safari ya bure, kama vile kumpima mtoto uzito na kumkuta hajambo si safari ya bure. Huenda akaona tundu dogo la kuziba, au jino lisilookoleka. Hapo usiogope kuuliza: Kuna njia gani za kulitibu? Nisipolitibu sasa itakuwaje? Gharama ni kiasi gani, na naweza kulipa kidogo kidogo? Nirudi lini?

Akina mama wa vijijini hudhani kwamba kuziba jino ni mambo ya mjini, penye umeme na mashine. Sivyo. Katikati ya miaka ya 1980 ilianza kutumika hapa hapa Tanzania njia ya kuziba meno bila mashine ya umeme. Daktari anakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha anaziba kwa dawa inayoshikamana na jino na kulipa madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe njia hiyo mwaka 1994, ambapo Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili, ilihusu afya ya kinywa. Kwa watoto ni njia nzuri sana, kwa kuwa haina mlio wa kutisha, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki.

Kuhusu mara ngapi tuende, wengi huambiwa warudi baada ya miezi 6 au mwaka 1. Lakini watu hawalingani. Mwenye fizi mbovu au kisukari ataitwa mapema zaidi. Fuata tarehe aliyokupangia daktari wako.

MAMA MJAMZITO

Tangu zamani tumesikia kwamba kila mtoto humgharimu mama yake jino moja. Wengine husema mtoto aliye tumboni hunyonya chokaa kutoka kwenye meno ya mama. Hilo si kweli. Mtoto hachukui kitu kwenye meno.

Kinachotokea ni kwamba mabadiliko ya mwili wakati wa ujauzito huzifanya fizi zivimbe na kutoka damu upesi, hasa kukiwa na ukoga. Mama naye, kwa kichefuchefu, anaacha mswaki au anakula kidogo kidogo vitu vyenye sukari kutwa nzima. Kutapika nako huleta asidi ya tumboni juu ya meno. Baada ya kutapika usipige mswaki papo hapo, kwa maana gamba la jino limelainika. Sukutua kwanza kwa maji, na ukiweza tia magadi soda kidogo, kisha ngoja kama nusu saa.

Mjamzito anaweza kuchunguzwa, kusafishwa, na hata kuzibwa jino. Miezi ya 4 hadi ya 6 ndiyo inayomfaa zaidi, kwa sababu kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito la kumchosha kitini. Lakini jino lenye usaha litibiwe mwezi wowote. Sindano ya ganzi inayotumika kwa kawaida haimdhuru mtoto. Kitu cha kujihadhari nacho ni kujinunulia dawa dukani. Tetrasaiklini, kwa mfano, ikitumiwa na mjamzito au mtoto mdogo inaweza kuyaachia meno ya mtoto rangi isiyofutika maisha yake yote.

Jambo jingine jipya ni hili. Dawa ya kuzibia yenye rangi ya fedha ina zebaki ndani yake. Mwaka 2022 nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, kwa wajawazito na kwa wanaonyonyesha, isipokuwa mhudumu akiona ni lazima kwa hali ya mgonjwa. Kama umo katika kundi hilo, mwombe daktari akuelezee dawa nyingine. Ambao tayari wamezibwa kwa dawa hiyo wasiwe na wasiwasi wala wasikimbilie kuitoa.

MTOTO KWENYE KITI

Mtoto apelekwe mara ya kwanza anapotimiza mwaka mmoja. Najua wengine mtacheka: "Ana meno manne tu!" Lakini safari hiyo ni ya kumzoesha mtoto, na ya kumfundisha mama. Mtoto mdogo hakalishwi peke yake. Mama na daktari huketi wakitazamana, magoti yakigusana, na mtoto hulazwa kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya daktari huku akimwona mama yake. Akilia, usitaharuki. Akilia kinywa kinafunguka, na daktari anaona vizuri.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, chagueni saa ya asubuhi, kabla hajachoka. Msimwambie, "Haitauma," kwa sababu hapo ndipo anapoanza kuwaza maumivu. Mwambieni tu, "Leo daktari atahesabu meno yako." Na tuache kabisa kumtisha mtoto kwa daktari.

Wengi hudai kwamba meno ya utotoni si kitu kwa kuwa yatang'oka. Meno hayo ndiyo yanayotunza nafasi ya meno ya ukubwani. Yaking'olewa kabla ya wakati, yale yanayofuata huota yamesongamana. Tena, kuna jino moja linalowapotosha wazazi wengi. Karibu na umri wa miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utotoni, huota gego jipya bila jino lolote kung'oka. Mama huliona limeoza akasema, "Acha tu, litang'oka liote jingine." Halioti jingine! Hilo ni la maisha. Muulizeni daktari awaonyeshe ni lipi.

Nyumbani, pigeni meno ya mtoto mswaki kutoka siku jino la kwanza linapochomoza, mara mbili kwa siku, na mara moja iwe kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floraidi iwe ndogo kama punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na kama punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Afundishwe kutema. Mkono wa mzazi uendelee kusaidia mpaka miaka 7 au 8. Na chupa yenye chai ya sukari au juisi isiingie kitandani, kwa maana usiku mate hupungua na sukari hukaa juu ya meno mpaka asubuhi.

MAMBO MATATU TUSIYAFUMBIE MACHO

La kwanza ni yale yanayoitwa meno ya plastiki, au ya nailoni. Mtoto mchanga akiwa na homa, kuhara na kutapika, wapo wanaofunua fizi zake, wakaona sehemu nyeupe iliyotuna, na kusema hilo ndilo chanzo cha ugonjwa. Hupelekwa kwa mtu akachimbuliwa kwa kisu, spoku ya baiskeli au chombo kingine. Akina mama, hakuna meno ya plastiki. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi la mtoto, kwa kawaida chonge. Watoto wametokwa damu nyingi, wamepata pepopunda na sumu ya damu, na wengine wamekufa, huku malaria au kuhara kwenyewe hakukutibiwa. Waliopona, daktari huwatambua baadaye kwa mapengo ya chonge au meno yaliyoota yamepinda. Bibi au shangazi akishauri jambo hili, na anashauri kwa upendo, mwitikieni kwa heshima, kisha mchukueni mtoto mwende zahanati.

La pili ni uvimbe wa taya kwa mtoto unaokua upesi, na magego yanalegea bila kuoza. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza saratani ya watoto inayoanza hivyo, nayo inaonekana sana katika ukanda wetu. Inakua kwa haraka mno, lakini watoto wengi hupona kwa dawa wakiwahishwa. Kung'oa jino hakuiponyi. Uvimbe kama huo usingoje hata wiki moja.

La tatu ni meno ya kahawia. Wakazi wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida wanalijua vizuri. Halitokani na uchafu. Katika sehemu hizo maji mengi yana floraidi kupita kiasi, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza floraidi. Madoa huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, yaani katika utoto. Kwa hiyo kuyasugua kwa mchanga au mkaa ni kuliumiza jino bure. Maji ya mvua ni bora kwa chakula cha watoto wadogo, na magadi yapunguzwe. Aliyekwisha kupata madoa anaweza kusaidiwa hospitalini.

NA MAMA MWENYEWE JE?

Tumezungumza mengi juu ya watoto, na tunajua mama msomaji atakachofanya: atawapeleka watoto, atamsukuma na baba yao, naye atabaki. Fedha ikipungua, jino linaloahirishwa ni la mama. Matokeo yake tunayaona kwenye sherehe na mikutano yetu: wanawake wa miaka 35 wanaoziba mdomo kwa ncha ya khanga wanapocheka, wanaotafuna upande mmoja, wanaonyamaza kikaoni kwa kuogopa harufu ya kinywa. Mwanamke aliyekuwa hodari wa kuimba anakaa nyuma. Hakuna aliyemkataza kuimba. Ni jino tu.

Kinywa cha mama ndicho kinachoonja chakula cha nyumba nzima, kinachobembeleza, kinachoonya na kusali. Kukitunza si anasa. Tena, mtoto anayemwona mama yake akiketi kwenye kile kiti kwa utulivu na kushuka akitabasamu, amepata somo ambalo maneno elfu hayawezi kumpa. Kwa hiyo tunashauri mama achunguzwe kwanza, watoto wakitazama.

Mwezi huu, tafuteni siku moja isiyo na maumivu. Iandikeni kwenye kalenda, kando ya tarehe ya chanjo na ya ada. Wekeni akiba kidogo kila wiki, hata kama ni ya mayai mawili matatu. Kama mko katika kikundi cha akina mama, nendeni wawili au watatu pamoja, mmoja awashike watoto wakati mwenzake yuko kitini. Na daktari akiwaambia kwamba kila kitu ni kizima, rudini nyumbani mkale chakula chenu kwa pande zote mbili za kinywa.